Tantini, kura 386 zimenifungia ndani, nifanye nini?

Jambo tantini, natumaini uko mzima na watu wa nyumbani. Mi niko mama wa miaka 43, nakaa Katuba hapa Lubumbashi, Kongo, bwana yangu anachomelea milango na madirisha, tuko na watoto watano, na mi nauza samaki kavu kwenye soko la komini ya Kenya hapa mjini, samaki ya kutoka Kasenga, miaka 14 niko kwenye meza ileile. Nakuandikia usiku ju mchana nikianza tu machozi yanakuja na wateja wananiangalia.

Kwenye eleksio ya tarehe 20 desemba 2023 nilikuwa kandida, konseye wa komini, wengine wanasema diwani. Sikuanza ju ya kutafuta ukubwa tantini, nilianza ju ya kanivo, mtaro wa maji ya mvua. Kwenye avenyu yetu kuko kanivo imejaa udongo na machupa ya plastiki, mvua ikinyesha maji yanapanda mpaka kwenye vyumba, tunalala tumeweka magodoro juu ya meza. Usiku mmoja mtoto wa jirani alitumbukia mule, umeme hakuna, tulimsikia tu analia, mi ndiye niliingia nikamtoa, mguu ulikuwa umevunjika, nikambeba mgongoni mpaka hospitali na maji machafu yakinitoka kwenye kitenge. Kuanzia siku ile watu wakaanza, mama we unajua kusema, we ingia tu, tutakupigia.

Kukawa chama kimoja, siwezi kutaja jina, wakanifuata wakasema wanatafuta wanawake. Nilifurahi kabisa. Nyuma ndiyo nilikuja kujua kama orodha yenye nusu wanawake hailipi ile pesa ya dhamana ya kugombea, basi walikuwa wanatujaza tu kwenye orodha. Walinipiga foto, wakaniandika, wakanipa namba, na toka siku ile sikuona hata fulana moja ya kutoka kwao. Kampanye nililipa mwenyewe. Niliuza frizeri, nikakopa dola 450 kwenye likelemba ya soko, ule mchango wa kupokezana pesa, nikachapa afishi, nikalipia vijana wa manseba, wale wa pikipiki, mafuta watembeze foto yangu, na kila jioni nyumbani ilikuwa sufuria ya mchele ju wageni hawaishi. Mashemeji, mawifi, watu wa avenyu, wote walikula pale.

Matokeo yalipotoka, komini mzima nilipata kura 386. Siyo hiyo iliniua. Iliniua ile karatasi waliyobandika kwenye mlango wa shule yetu, pale pale ambapo watoto wangu wanasoma. Kura 17. Tantini, sisi tu na mashemeji tunaopiga kura tunapita 17! Nilisimama pale nikahesabu majina kwenye kichwa, huyu, huyu, huyu, mpaka nikashindwa kutembea. Maajabu ni kama kule mwisho wa Katuba, shule ambayo sijawahi kukanyaga, hata afishi hazikufika, nilipata 44, sijui ni kwa nini. Na kuko mmoja ameingia kwenye konseye, kura zake hazifiki hata zangu!

Toka siku ile mi siko mtu tena. Sokoni wananiita «Onorabule, samaki ni ngapi?» na wanacheka. Bwana yangu hasemi kitu mbaya lakini kila tukikosa kitu anaangalia pale frizeri ilikuwa. Korali niliacha. Mchungaji aliniambia asiyekubali kushindwa si mshindani, nikasema amina, nikaenda kulia nyumbani. Afishi yangu moja ingali kwenye ukuta wa farmasi pale kona, mvua imeipasua, imebaki jicho moja na nusu ya namba, mi nazunguka avenyu mbili ili nisipite pale. Binti yangu wa miaka 16 aliniuliza, mama 2028 utarudia? Nikamfokea kama mtu aliyenitukana.

Nafikiria kuhamisha meza yangu niende soko lingine, nianze upya pasipo mtu ananijua. Nipe nguvu tantini, ama niambie kama nilikosea toka mwanzo.

Mama wa Katuba

*

Mama wa Katuba, mwanangu, kabla sijasema neno lingine nikuulize: wale 44 ni nani?

Umenieleza wale ambao hawakukupigia, hao unawajua majina, unajua walikula mchele gani na walikaa kwenye kiti gani. Wale 44 umewapitia kwa mstari mmoja, «sijui ni kwa nini», ukaendelea kulia. Mi barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja na kila nikisoma nasimama pale. Watu 44 ambao hukuwapikia, hukuwatembelea, afishi haikuwafikia, wamesimama kwenye foleni siku ya mvua, wamefika mbele ya mashine, na siku ile tulikuwa tunachagua mara nne kwenye mashine moja, rais, mbunge wa taifa, mbunge wa jimbo, na konseye wa komini ndiyo ya mwisho kabisa, saa ile mtu amechoka na nyuma wanamsukuma, na wao wakatafuta uso wako mule ndani mpaka wakaupata. Unajua hiyo ni kazi gani?

Wacha nikuambie nilichoona kwa macho yangu. Mi nilipiga kura Kampemba, komini ingine ya hapa, tulifika pale giza halijaisha vizuri, na nyuma yangu kulikuwa bibi mmoja mfupi, kitenge chake amekifunga fundo kwenye ncha, vile mama zetu wanafunga makuta. Mi nikajua ni pesa. Saa tatu, saa nne, foleni haitembei, akafungua lile fundo ili atoe hamsini ya kununua maji, na pamoja na ile noti kukatoka kikaratasi kimekunjwa, juu yake namba imeandikwa na biki. Nikamuuliza bibi hiyo ni nini. Akaniambia, «Ni namba ya mutoto wa pa jirani, eko kandida ya komini, mi sijue kusoma lakini namba minajua.» Alikishika kile kikaratasi mkononi mpaka alipoingia, na alipotoka na wino kwenye kidole aliniambia, nimemuona, nimemfinya. Alikuwa na furaha kama amepata mjukuu.

Yule kijana hakupita. Miezi nyuma nikamkuta bibi kwenye matanga ya mtu tunayemjua wote, nikamuuliza habari za kandida wake. Akasema, «Akurudiake. Ata kutusalimia apana. Nazani anatukasirikia.»

Mwanangu, ile maneno haijanitoka mpaka leo. Bibi wa watu anakaa kwake anafikiri yeye ndiye amekosa kitu, na kijana yuko kwake amejifungia anafikiri hakuna mtu anayempenda. Wote wawili wanalia mbali mbali. Ndiyo maana nakuuliza wale 44 ni nani, ju na wao wanaweza kuwa wanasema, yule mama wa samaki tulimpa kura zetu na hatukumuona tena.

Sasa tuje kwenye 17. Hapo mi sitaki kukudanganya, kuko watu walikula mchele wako na wakachagua mwingine, hiyo ipo, na inauma, na utawasamehe siku utakayoweza, sikuharakishi. Lakini usifanye mahesabu ya majina mbele ya ule mlango. Kura ni siri, hutajua kamwe, na utaishia kumchukia wifi yako ambaye labda alikupigia. Kisha kuko kitu kimoja watu wengi wanasahau: mwanzo wa 2023 wakati wa kuandikishwa, foleni zilikuwa za kutisha, na mtu alikwenda kuandikishwa pale alipoona atapita haraka, karibu na kazi, karibu na shamba, kwa dada yake. Na pale ulipoandikishwa ndipo unapiga kura. Waulize mashemeji, taratibu, bila ugomvi, kadi zao zinasema kituo gani. Unaweza kukuta nusu yao hawakuwa kabisa kwenye biro yenu ya kupigia kura. Sisemi ndivyo ilivyokuwa, nasema usihukumu kesi ambayo hujasikia mashahidi.

Na yule aliyeingia na kura chache kuliko zako, wacha nikueleze vizuri ju naona hiyo inakula moyo wako na watu wengi Lubumbashi wanalia nayo bila kuelewa. Kwa sheria yetu ya uchaguzi kiti kinatafutwa kwanza na orodha, mtu anakuja nyuma. Kuko kizingiti: bunge la taifa ni asilimia 1, bunge la jimbo asilimia 3, na kwa komini ni asilimia 10. Asilimia 10! Orodha ya chama ikikosa kufika pale, wote waliomo wanaanguka pamoja, hata kama ndani yake kuko mtu aliyepata kura nyingi. Orodha iliyofika ndiyo inagawiwa viti, na kule ndani anaingia yule mwenye kura nyingi kati ya wenzake, hata kama ni chache kuliko zako. Basi hukushindwa na yule mtu. Ulipanda basi lisilokuwa na mafuta, na waliokupandisha walijua.

Hapo ndipo nataka ukasirike kidogo, mwanangu, hasira ya haki, siyo ya kujila mwenyewe. Ile kanuni ya kusamehe dhamana kwa orodha yenye nusu wanawake iliingia na sheria ya 2022, na iliwekwa ili wanawake wapate njia. Wengine wameigeuza kuwa njia ya kubana pesa. Wanaandika mama, wanachukua foto, wanaondoka. Kwa hiyo siku nyingine mtu wa chama akija kwenye meza yako na maneno matamu, we mpimie samaki kwanza, kisha muulize: kwenye orodha ya komini tuko wangapi na ni nani, mtaweka mashahidi kwenye biro ngapi, afishi analipa nani, na nionyeshe. Akianza kuzunguka, mrudishie chenji aende.

Umeuliza kama ulikosea toka mwanzo. Kuingia hukukosea. Frizeri na likelemba, hapo ndiyo, na nakuambia ju nakupenda. Makuta ya likelemba ni ya wenzako wa soko, siyo ya kampanye. Usikimbie soko ukiwa na lile deni, ukihama meza leo watasema mama amekula pesa zetu na siasa yake, na miaka 14 ya jina zuri itakwenda kwa wiki moja. Enda kwenye kikao, simama, waambie dola 450 nilizikopa, zimebaki hivi, nitaleta hivi kila juma, niandikeni. Wengine watanuna. Wengi watakuheshimu, ju wagombea wangapi tunawajua wanabadilisha barabara wakiona mtu waliyemkopa?

Na bwana yako, yule mtu anaangalia pale frizeri ilikuwa na hasemi kitu mbaya. Mi naona ni mwanaume mwema. Usimuache peke yake na ile nafasi tupu. Usiku mmoja watoto wakilala mwambie tu, baba watoto, ile frizeri inaniuma na mimi, tutanunua ingine polepole. Hujamwambia, sivyo? Kwenye barua yako hakuna pahali mmeongea.

Najua pia kwa nini unalia mpaka sasa. Mtu akifiwa, watu wanakuja, wanakaa matanga, wanaleta unga na makaa, wanalala na wewe chini, na siku zikifika unaambiwa sasa oga. Wewe ulipoteza kitu kikubwa na hakuna aliyekuja kukaa na wewe hata usiku mmoja, walikuletea methali na vicheko vya «Onorabule». Mchungaji wako hakuwa na nia mbaya lakini alikuambia oga kabla hujalia. Basi lia, hiyo siyo udhaifu, mi nakukalia matanga kwa barua hii. Kisha rudi kwenye korali jumapili moja, kaa kwa sauti zako za kawaida, usieleze kitu.

Watu wanapenda kutoa mfano wa jirani zetu wa Zambia, hapa ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, wa Hakainde Hichilema, alishindwa 2006, 2008, 2011, 2015, 2016, mara tano, akashinda urais 2021. Ni kweli, na ni kitu cha kushangaza, lakini yule alikuwa na chama chake na mali yake, mama mwenye meza ya samaki akisikia hivyo anaweza kujiona mdogo zaidi. Mi nakupa mwingine, Wangari Maathai wa Kenya, Kenya nchi, siyo komini yetu ya Kenya. Mwaka 1997 aligombea urais, akapata kura kidogo mno, hata bungeni hakuingia. Lakini yule mama alikuwa anapanda miti na wanawake wa vijijini toka 1977, na alipoanguka hakuacha, alirudi kwenye miti na wanawake walewale. Mwaka 2002 watu wa Tetu, kwao, walimchagua kwa asilimia 98, na 2004 akapewa Nobel ya amani. Kuangalia yule mama kunanisaidia mimi mwenyewe siku nikiwa chini: kazi yake ilikuwepo kabla ya eleksio, na ilikuwepo kesho yake asubuhi.

Yako ni kanivo. Ulisema mwenyewe. Na kanivo haijui kama ulishindwa, ingali imejaa, na mguu wa yule mtoto ulivunjika kabla hakujakuwa afishi.

Sasa tuko kwenye kiangazi, baridi ya asubuhi, vumbi, kanivo ni kavu, udongo umekuwa mgumu lakini unachimbika. Mvua kubwa hapa kwetu zinarudi kuelekea mwezi wa 11. Una miezi. Usingoje konseye, usingoje komini. Fanya salongo, kazi ya pamoja ya usafi, ya avenyu yenu, jumamosi moja asubuhi, anza na mama wa yule mtoto uliyemtoa, huyo hatakataa, chukua majembe mawili, bakuli na mifuko, bwana yako anachomelea vyuma, muombe wavu wa chuma hata mdogo wa kufunika pale mtoto alipotumbukia, kwa vyuma vilivyobaki kwenye kazi zake. Mtu wa kwanza kupita atacheka. Anza hata mkiwa watatu. Usivae fulana ya chama, usiseme neno moja la 2028, mtu akisema «ah mama umeanza kampanye tena» mjibu maji yanaingia kwangu, basi. Na watoto wasiingie kwenye ule udongo bila viatu, kuko vioo na sindano mule.

Binti yako, muombe msamaha kwa ile kufokewa. Hakukutukana. Miaka 16 anaona mama yake amesimama mbele ya watu na anataka kujua kama inawezekana kusimama tena, ju anajiuliza kwa ajili yake mwenyewe. Mwambie sijui, mwanangu, bado nauguza. Hilo ni jibu zuri na ni la kweli. Mambo ya 2028 we yaache yakae kwanza, hakuna anayekudai jibu leo.

Ile afishi kwenye ukuta wa farmasi, enda uitoe na mkono wako, na maji ya moto na kisu cha jikoni, mapema kabla watu hawajajaa. Usimtume mtoto. Msalimie mwenye farmasi, mwambie asante kwa ukuta wako. Ukimaliza hutakuwa na sababu ya kuzunguka avenyu mbili, na miguu yako itapumzika.

Kisha chukua siku moja, siku biashara ni ndogo, uende kule mwisho wa Katuba, kwenye ile shule. Mi nadhani ni wateja wako, mama ambao kwa miaka 14 hukuwapunja mizani, waliona uso wako kwenye mashine wakasema huyu ni yule wa samaki, lakini ni kudhani tu. Beba samaki kidogo uuze njiani ili usione aibu ya kutembea bure. Simama pale karibu na shule, salimia, sema mimi ndiye nilikuwa kandida namba fulani, nimekuja kusema asante. Usiombe kitu. Mmoja tu akisema nilikupigia, muulize kwa nini, na umsikilize mpaka amalize, hata akianza kulalamika ju ya kanivo ya kwao.

Ukirudi niandikie. Nataka kujua ni nani.

Tantini wako